Picha za Siku Isiyo na Sherehe

Msiba ukitangazwa, kabla hata turubai halijafungwa, mtu mmoja hutumwa kutafuta picha ya marehemu. Inatakiwa ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza, ya ukurasa wa kwanza wa ratiba ya ibada, na ya kurusha kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo familia nyingi hujikuta hazina kitu. Mama aliyeishi miaka sabini na ushee, akalea watoto na wajukuu, akalima mtama na karanga kila mvua ilipokubali, anapatikana kwenye kitambulisho cha NIDA tu, macho yamemtoka kama aliyeulizwa swali kituo cha polisi. Au anaonekana ukingoni mwa picha ya harusi ya jirani, bega moja limekatwa, na kijana wa steshenari anaanza kumwondoa bwana harusi na kumwekea mama rangi ya bluu nyuma yake ili aonekane alikaa studio. Wanaokuja kuaga wanaitazama ile picha, wanasema haifanani naye.

Na kweli haifanani. Waliomjua walimjua akipepeta uwele, akigombana na kuku walioingia jikoni, akicheka huku ameziba mdomo kwa pindo la kanga. Hakuna aliyempiga picha akifanya hayo, maana hakuna aliyeyahesabu kuwa mambo ya kupigwa picha.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote hapa ni namna ya kuutekeleza: pigeni picha siku zisizo na sherehe. Harusi, kipaimara na mahafali vina wapiga picha wa kukodi. Jumanne haina.

Tabia ya kusubiri tukio ina historia yake. Studio za zamani za pwani yetu, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliwazoesha watu kuja wameoga, wamepaka mafuta, wasimame mkono juu ya kiti na wasicheke. Huku bara nako studio zilipofika mambo yakawa yaleyale. Ilikuwa na maana. Mkanda mrefu ulikuwa na picha 36, uligharimu fedha, ulisubiriwa hadi uishe ndipo upelekwe kusafishwa, na baadhi ya picha zilirudi zimeungua. Nani angempotezea nafasi moja mtu anayechambua mlenda? Leo simu ya kawaida inabeba maelfu ya picha bila mkanda wowote, lakini ukiiinua tu, watu wanasimama wima, wanasukuma sufuria pembeni, wanamtuma mtoto akabadilishe shati. Pozi tumelirithi, ile gharama iliyolileta imeshakwisha.

Yuko Mfaransa mmoja ambaye mfano wake unanipendeza, Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894. Baba yake alimpa kamera akiwa bado mtoto mdogo, naye akaielekeza nyumbani: binamu akiruka kutoka ngazini, kaka yake akihangaika na vyombo alivyoviunda ili aruke angani, jamaa wakijirusha majini. Alizibandika picha hizo kwenye albamu ambazo mwishowe zilipita 100. Yeye alijiona mchoraji. Dunia ilikuja kumjua kama mpiga picha mwaka 1963, akiwa anakaribia miaka 70, Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilipotundika ukutani zile picha za ujana wake. Familia yake walikuwa matajiri, ni kweli, na wengi wetu si matajiri. Ila kilichozifanya picha zile zipendeze hakikununuliwa: aliyezipiga aliwajua watu wake, alijua sekunde ambayo kaka yake ataanza kucheka. Mpiga picha wa kukodi, hata awe hodari namna gani, hana elimu hiyo. Wewe unayo bure.

Kwa sisi wa Dodoma kuna sababu nyingine ya kutongoja. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha watu wengi wa Ugogo kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji. Matembe yale ya paa bapa la udongo, yenye ua wa ng'ombe katikati, yalibomoka yakarudi ardhini. Mzee wa miaka themanini akitaka kuwaonyesha wajukuu nyumba aliyozaliwa hana cha kuwaonyesha zaidi ya kunyoosha kidole upande wa kilima. Sasa mabadiliko mengine yanakuja, safari hii na greda na mawe ya mipaka. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika eneo la jiji. Ya 2022 iliwakuta 765,179. Mashamba ya zabibu yanageuka viwanja, barabara ya Mtumba tuliyoijua ina vichaka leo ina maghorofa ya wizara. Hilo si la kulilia. Lakini kama shamba la baba lina uzio wa manyara na mwarobaini mmoja mnaokula chini yake chakula cha mchana, upigeni mwarobaini huo wiki hii, na watu wakiwa chini yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na nianze na mwanga, maana ndio unaowashinda wengi.

Jua la uwanda huu ni kali na halina aibu. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la saa sita linapita utosini kabisa. Ukimpiga mtu picha saa hiyo katikati ya uwanja, macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi na paji la uso linang'aa. Usimlaumu yeye wala simu. Msogeze barazani, au chini ya mwembe, au ndani hatua mbili kutoka mlangoni, uso wake ukielekea nje. Kivuli kilichopakana na mwanga ndiyo studio bora kuliko zote, na kila nyumba inayo. Ardhi yetu nyeupe ya mchanga inasaidia: inarudisha mwanga juu, unajaza sura ya mtu aliyekaa kigodani bila wewe kufanya lolote.

Saa nzuri zaidi ni zile ambazo kazi za nyumbani zenyewe zinafanyika. Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, mtu anapofagia ua na ng'ombe wanatolewa zizini, jua linapita chini chini na kuliwasha vumbi. Jioni, kuanzia saa kumi na moja na nusu, mwanga unakuwa wa dhahabu na watoto wako uwanjani wanacheza rede. Jua likishazama giza halikawii. Kwa hiyo usiseme ngoja nimalizie hiki kwanza.

Jambo dogo ambalo halisemwi vya kutosha: simu ikiona mbingu nyeupe nyuma ya mtu, inafuata mbingu na kumwacha mtu awe mweusi tii, hana pua wala macho. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Karibu simu zote zitarekebisha mwanga pale ulipogusa. Bado haitoshi? Badilisheni upande, ukuta uwe nyuma yake badala ya mbingu. Ila usikimbilie zile programu za kung'arisha sura. Zinamwondolea bibi mikunjo yake na kumpaka rangi isiyo ya ukoo wowote, halafu tunarudi palepale kwenye picha isiyofanana na mtu.

Ndani ya tembe, au jikoni kwenye moshi, zima flashi. Inaua kila kitu kilichokufanya utake kupiga. Mwanga mmoja unaoingia mlangoni, ukimgusa mpishi shavu moja na kuacha lingine gizani, unatosha kabisa. Wewe egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, kisha bonyeza. Usiku taa ya sola mezani inayomulika madaftari ya watoto itakupa picha yenye chenga, na chenga hazijamdhuru mtu.

Vumbi la Juni hadi Novemba ni adui wa kweli. Lenzi ya simu inayokaa mfukoni pamoja na funguo na mafuta ya vidole huleta ukungu ambao watu hudhani ni ubovu wa simu. Ifute kwa pamba laini au pindo safi la fulana kabla ya kila picha. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi asiibadilishie nje upepo ukivuma. Na kabla hujaingia kwenye mkopo wa kausha damu ili ununue kamera, tumia simu uliyo nayo kwa mwaka mzima. Mara nyingi utagundua hukuhitaji.

Nini cha kupiga? Hapa nina msimamo: piga kazi, acha pozi. Mtu anayefanya kazi anayoijua husahau simu kwa haraka, na mwili wake unasema mambo ambayo uso wa studio hauyasemi. Mikono ya mama ikisonga ugali wa uwele, mwiko umekazwa na goti limebana sufuria. Baba akikunja mikono ya shati kabla ya kukamua. Punda wakishushwa madumu ya maji. Mjomba akikatia zabibu, maana mizabibu ya hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka na katikati ya mavuno kuna kazi ndefu ya mkasi ambayo anayenunua kilo barabarani haioni. Na kama mna wacheza ngoma nyumbani, msisubiri jukwaa. Kina mama wa ngoma ya muheme wamepigwa picha nyingi mno wakiwa wamevaa sare mbele ya wageni. Wachache wamepigwa wakianika ngoma juani ngozi ikaze, wakibishana nani aanze.

Sogea karibu kwa miguu, usivute kwa vidole, kwa sababu kuvuta kunaharibu picha na pia kunakuacha mbali na watu. Kwa watoto, chuchumaa. Mtoto aliyepigwa kutoka juu anabaki kichwa kikubwa na miguu midogo. Ukishuka hadi macho yake, unauona uwanja anavyouona yeye, na kuku wanakuwa wakubwa. Piga nyingi mfululizo, kisha usiku ukae ufute. Kufuta ni nusu ya ufundi.

Chagua pia mahali pamoja upapige mwaka mzima: mlango wa nyumba, njia ya kisimani, shamba kutoka kwenye kichuguu kilekile. Huku kwetu hilo lina faida zaidi kuliko kwenye mikoa yenye mvua kila mara. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na shamba lililokuwa kavu na tupu, mibuyu imenyooka bila jani, linageuka kijani ndani ya wiki chache. Ukiziweka picha za Oktoba na Februari pamoja, hata mtu wa nyumbani anakataa kwamba ni sehemu moja. Humo katikati utaona na mambo mengine: mtoto amerefuka, kibanda cha kuku kimehama, mzee ameanza kushika fimbo.

Furaha yenyewe nadhani inatoka hapo, katika kuangalia, na picha inafuata baadaye. Mtu akiwa na nia ya kupiga, anaanza kuona nyumba yake. Anagundua kwamba watoto wawili wasioelewana mchana kutwa hulala wamekumbatiana. Anagundua babu hunywa chai kutoka kikombe kilekile kilichovunjika mkono, na kuna mtu kila asubuhi anamtafutia kikombe hicho bila kuombwa. Haya yalikuwepo, tulikuwa tunayapita tukienda kutafuta bando. Siahidi kwamba kamera itaponya nyumba yenye ugomvi. Haiponyi. Lakini ni vigumu kuendelea kumdharau mtu ambaye umekaa nusu saa ukingoja mwanga umfikie usoni.

Na ugumu je? Wazee wa Ugogo husimulia Mtunya, njaa kubwa iliyowapiga mwishoni mwa vita kuu ya kwanza ya dunia, na kilichobaki ni masimulizi ya midomo. Mwaka mbaya nao ni mwaka wa familia. Mtama ukikauka shambani, upige, na mwenye shamba akikubali mpige amesimama ndani yake. Ila kuna mpaka: mtu akilia, mgonjwa akiwa hajiwezi, mtoto akichapwa au akiwa uchi bafuni, weka simu mfukoni. Mengine yatunzwe na kumbukumbu peke yake.

Kuhusu ruhusa, wazee wetu wana sababu ya kusita. Wamepigwa picha sana na wageni wa miradi na watalii, na wengi hawakuwahi kuziona. Kwa hiyo ukifika, salamu ya mbukwenyi kwanza, habari za mifugo na za mvua, ule ulichoandaliwa, simu baadaye. Omba kwa maneno, usiombe kwa kuinua simu. Ukishapiga, mwonyeshe, akisema futa, futa mbele yake. Kuirusha mtandaoni ni ruhusa nyingine kabisa, tena ya watoto iangaliwe mara mbili: sare yenye jina la shule pamoja na saa za kutoka shuleni ni taarifa usiyompa mtu usiyemjua njiani. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilianza kutumika nchini mwaka 2023, lakini adabu ilitangulia sheria.

Nani hayumo kwenye picha zenu? Fungua simu yako sasa hivi uangalie. Karibu kila nyumba kuna mmoja anayekosekana, na mara nyingi ndiye anayepiga, au ndiye aliyekuwa jikoni wakati wengine wanapangwa. Dada wa kazi naye huambiwa asogee kidogo, atokee nje ya fremu, ilhali ndiye aliyembeba mtoto miaka miwili. Mtoto huyo akikua atamtafuta. Mwachie kijana wa darasa la nne simu kwa mchana mmoja. Atakuletea picha za magoti, mbwa na nusu ya dari, na kati ya hizo utajiona wewe mwenyewe jinsi unavyoonekana kutoka chini. Si lazima upendezwe.

Halafu majina. Kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, wako watu waliochorwa kwa rangi nyekundu zamani sana, wembamba, vichwa vimepambwa, wengine kama wanacheza. UNESCO iliweka eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nani walikuwa? Hakuna awezaye kusema. Kwa wale inaeleweka. Lakini picha nyingi za wakoloni zinazotunzwa Ulaya nazo zina watu wetu waliosimama mbele ya kamera, na chini yake pameandikwa kabila basi. Mtu huyo alikuwa na jina, na aliyepiga angeweza kuuliza. Sisi tunarudia kosa lilelile tukiacha picha elfu tatu kwenye simu bila neno moja. Kaa na bibi jioni, mpitishie picha, umuulize huyu ni nani na mtoto wa nani, na umrekodi sauti akijibu. Hapo utapata hadithi ambazo usingezipata kwa kumwambia tu bibi, tusimulie.

Simu huibiwa na hudumbukia chooni. Chagua chache za kila mwezi uzisafishe kwenye karatasi, ukubwa wa postikadi unatosha. Ukizituma kwa WhatsApp kwenda studio, zitume kama dokumenti, kwani ukituma kama picha zinabanwa na kupoteza ubora. Nakala zote ziwe mahali pawili: memori kadi au flashi moja nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine. Nyuma ya picha andika majina, mahali na mwaka. Karatasi za sasa ni laini na penseli haikamati, kwa hiyo tumia kalamu ya wino usiofutika, andika ukingoni bila kukandamiza, acha ikauke kabla ya kupanga moja juu ya nyingine. Albamu isikae chini ya kitanda penye mchwa, wala isigusane na ukuta wa udongo wakati wa mvua.

Na warudishie waliopigwa. Bahasha moja kwa kondakta wa basi la Kondoa au la Mpwapwa, yenye jina la mpokeaji na namba yake ya simu, hufika. Kila picha safisha mbili: moja ya kubaki kwa mwenye sura, nyingine ya kuzunguka kwa majirani, maana itaombwa kuangaliwa, itavuka ua wa kwanza na wa pili, na hiyo haitarudi.